Kuoa, Kuozwa na Kuoana: Historia Fupi ya Maneno ya Ndoa Katika Sheria ya Tanzania Bara

Katika Kiswahili mwanamume huoa, na mwanamke huolewa. Na baba, au mtu mwingine mwenye mamlaka juu ya binti, humwoza. Maneno haya matatu yametoka katika shina moja, nalo ndilo lililozaa neno ndoa lenyewe, lakini kila moja linamweka mtu mahali pake. Mwenye kuoa hutenda. Mwenye kuolewa hutendewa. Na mwenye kuoza ndiye aliyeshika ufunguo wa mlango. Liko pia neno la nne, nalo ni kuoana, ambalo huwafanya wawili wawe watendaji sawasawa. Neno hili si geni katika lugha, ila kwa muda mrefu halikuwa na kazi kubwa barazani, kwa sababu sheria zilizofuatwa hazikujengwa juu yake. Historia ya sheria ya ndoa katika Tanzania Bara yaweza kusimuliwa kama safari ya kutoka kuoa na kuozwa kwenda kuoana. Hatua kubwa ya safari hiyo ilikuwa Sheria ya Ndoa ya 1971, lakini haikuwa hatua ya kwanza wala haikuwa ya mwisho.

Sheria Nyingi Katika Nchi Moja

Mtu aliyesafiri katika Tanganyika ya miaka ya 1950, kutoka Bagamoyo mpaka Bukoba, alipita katika sheria nyingi za ndoa kama alivyopita katika mito. Pwani, na katika miji mingi ya njia za zamani za biashara, Waislamu walio wengi walifuata madhehebu ya Shafi. Kwao ndoa ilikuwa ni mkataba wenye nguzo zake: walii wa mwanamke, mashahidi wawili, na maneno ya kutoa na kupokea; tena ulimwajibisha mume kutoa mahari. Mahari hiyo ni haki ya mke mwenyewe, wala si ya baba yake. Mume aliweza kutoa talaka kwa kauli yake. Mke aliyetaka kuachana naye alikuwa na njia ya kujikomboa kwa khului, au kumwendea kadhi ili ndoa ifasikhiwe kwa sababu zilizokubaliwa na sheria. Ndoa ikivunjika au mume akifa, mke alikaa eda kabla ya kuolewa tena.

Bara, kwa makabila mengi yaliyofuata ukoo wa baba, ndoa haikuwa mkataba wa watu wawili bali ilikuwa mapatano ya koo mbili. Ng'ombe, mbuzi, majembe, na baadaye fedha, vilitoka kwa jamaa za mume kwenda kwa jamaa za mke. Kwa mapatano hayo watoto walihesabiwa kuwa wa ukoo wa baba yao. Ndoa ikivunjika, lililoulizwa kwanza ni kama mali irudishwe, na irudishwe kiasi gani. Mara nyingi ng'ombe waliopokewa kwa binti walikuwa wamekwisha kutolewa kwa ajili ya mke wa kaka yake. Kwa hiyo binti aliyerudi nyumbani akilia hakuwa na hakika ya kupokewa kwa furaha, maana kurudi kwake kuliweza kuitikisa nyumba ya pili. Makabila yaliyofuata ukoo wa mama, kama Waluguru, Wakaguru na Wamakonde, yalikuwa na taratibu nyingine, na huko mjomba alikuwa na sauti juu ya watoto kuliko baba.

Juu ya hayo yote ziliwekwa sheria za Serikali. Sheria ya Ndoa ya 1921 ilihusu ndoa zilizofungwa kanisani au mbele ya ofisa wa Serikali, nayo ilitungwa kwa mawazo ya Kiingereza: mume mmoja na mke mmoja, na ndoa haivunjwi mpaka mmoja athibitishwe kuwa amefanya kosa. Wahindu nao walikuwa na sheria yao.

Tazama basi jinsi neno moja lilivyobebeshwa mizigo miwili. Mjini Kilwa mahari ilikuwa mali ya mke. Usukumani mahari ilikuwa ng'ombe waliopokewa na baba wa mke. Kiswahili kiliyaita mambo yote mawili kwa jina moja, ijapokuwa moja lilimpa mwanamke haki, na jingine lilimfanya kuwa kiungo tu kati ya wenye haki. Hakimu aliyesikia shauri la mahari hakuweza kujua sheria ya kufuata mpaka aulize kwanza: ilipokewa na nani?

Mila Zaandikwa

Wakati wa utawala wa Waingereza mashauri ya ndoa za wenyeji yalisikilizwa katika mabaraza ya machifu na maliwali. Kwa sheria ya 1929 rufani za mabaraza hayo zilipanda kwa maofisa wa utawala mpaka kwa Gavana, wala hazikufika Mahakama Kuu. Hivyo kulikuwa na ngazi mbili za haki zilizosimama ubavu kwa ubavu, na aliyepanda moja hakukutana na aliyepanda nyingine.

Katika miaka hiyo Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa Serikali wa mambo ya jamii, alianza kukusanya na kuandika mila. Kitabu juu ya sheria za Wahaya, alichokiandika pamoja na Hartnoll, kilitolewa 1945, na kile cha sheria na desturi za Wasukuma kilitoka 1953. Nchi ilipopata Uhuru, Serikali mpya iliona ya kuwa haifai raia wa taifa moja wahukumiwe kwa mila mia moja zisizoandikwa. Kazi ya kuzilinganisha mila za makabila yafuatayo ukoo wa baba ikaanzishwa, wazee wa wilaya wakaitwa kushauriana, na Cory akawa mwongozi wake mpaka alipofariki 1962. Mwaka uliofuata kanuni hizo zilitangazwa kuwa Sheria za Mila. Mwaka huo huo wa 1963 mamlaka ya machifu yalifutwa, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ikapitishwa. Tangu hapo mahakama zote ziliingia katika mti mmoja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya, na Mahakama Kuu. Katika Mahakama ya Mwanzo lugha ya kazi ilikuwa Kiswahili, na hivyo maneno ya ndoa ya Kiswahili yakawa maneno ya sheria kwa watu ambao nyumbani walisema Kihaya, Kigogo au Kinyaturu.

Yafaa kukumbuka jambo moja katika Sheria za Mila za 1963. Ingawa zilieleza kwa urefu jinsi mahari itakavyotolewa na kurudishwa, zilisema pia ya kwamba kutolewa kwa mahari si sharti la kuifanya ndoa iwe halali. Kwa maneno machache hayo mahari iliondolewa katika msingi wa nyumba ikawekwa katika pambo lake. Katika vijiji wengi waliendelea kuiona kuwa msingi, na pengine hata leo. Lakini mbele ya hakimu kijana na binti waliokwisha kupatana hawakuweza tena kuambiwa kuwa si mume na mke kwa sababu ng'ombe hawajatimia.

Karatasi ya 1969 na Ubishi Wake

Kuzilinganisha mila hakukutosha. Mkristo, Mwislamu, Mhindu na mfuasi wa mila walikuwa bado wamegawanywa na sheria zao, na mtu aliyefunga ndoa kanisani kisha akaoa mke wa pili kimila alijikuta kati ya sheria mbili, moja ikimheshimu na nyingine ikimhesabu mkosaji. Mwezi wa Septemba 1969 Serikali ilitoa karatasi ya mapendekezo juu ya sheria moja ya ndoa, ili wananchi waijadili kabla ya mswada kwenda Bungeni.

Mapendekezo hayo yalichota mengi katika kazi ya tume ya Kenya, iliyoundwa 1967 na kutoa taarifa yake mwaka uliofuata. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Katika Kenya kwenyewe mswada uliotokana na tume hiyo ulikataliwa Bungeni katika miaka ya 1970, na sheria moja ya ndoa haikupatikana huko mpaka 2014. Mbegu ilipandwa upande mmoja wa mpaka ikaota upande wa pili.

Katika Tanzania nako ubishi haukuwa mdogo. Lililowasha moto zaidi ni pendekezo la kwamba mume anayetaka kuongeza mke apate kibali cha mke wake wa kwanza. Wengine waliona ya kuwa hiyo ni haki tupu, maana mke wa kwanza ndiye atakayegawana nyumba na mgeni. Wengine, na hasa baadhi ya Waislamu, waliona ya kuwa Serikali inaingiza mkono katika jambo ambalo dini imekwisha kulihukumu. Sheria iliyopitishwa 1971 ilishika njia ya katikati. Haikudai kibali, bali ilimpa mke haki ya kupinga ndoa mpya kwa sababu zilizotajwa, kama vile ikiwa mume hana uwezo na ndoa hiyo itawatia taabuni walioko, au ikiwa mwanamke anayetakiwa ana ugonjwa wa kuambukiza.

Sheria Ilivyoyageuza Maneno

Sheria ya Ndoa ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 1971. Zanzibar haikuhusika nayo. Huko mambo ya ndoa za Kiislamu yalibaki mikononi mwa makadhi. Kwa upande wa Bara, sheria hiyo haikuyafuta maneno ya zamani. Iliyaacha yote, lakini iliyatafutia wenyewe wapya.

Neno la kwanza ni ndoa yenyewe. Sheria ilisema ya kuwa ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Wawili hao wangeweza kufunga ndoa yao kwa dini, kwa mila, au mbele ya msajili wa Serikali, na zote zikawa na nguvu moja. Ndoa iligawanywa katika namna mbili tu, ya mke mmoja na ya wake wengi. Iliyofungwa Kiislamu au kimila ilichukuliwa kuwa ni ya wake wengi, au yenye nafasi ya kuwa hivyo, mpaka ithibitishwe vingine. Na kuigeuza kutoka namna moja kwenda nyingine kulihitaji mume na mke wote wawili watamke mbele ya hakimu kwa hiari yao. Ndoa ya Kikristo haikuweza kugeuzwa kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wangali Wakristo.

Neno la pili ni ridhaa. Zamani, katika madhehebu ya Shafi, baba aliweza kumwoza binti yake mwanamwali bila kumwuliza, na katika mila nyingi shauri la binti lilisikilizwa baada ya mashauri ya wazee kwisha. Sheria ya 1971 ilisema ya kuwa hapana ndoa pasipo ridhaa ya hiari ya kila mmoja wa wanaooana; na ridhaa iliyopatikana kwa nguvu au kwa hila si ridhaa. Basi ufunguo ulitoka mkononi mwa mwozaji ukatiwa mikononi mwa waoaji wawili.

Neno la tatu ni talaka. Sheria ilitaka mume na mke wenye ugomvi waende kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, lenye mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Baraza likishindwa, hutoa hati, na hati hiyo ndiyo inayoufungua mlango wa mahakama. Mashauri mengi yametupwa kwa kukosekana karatasi hiyo moja. Mahakama nayo haikuuliza tu ni nani mkosaji, kama ilivyokuwa katika sheria ya Kiingereza ya zamani. Iliuliza kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka mitatu na mengine kama hayo yakawa ni ushahidi wa kuvunjika huko. Kwa Waislamu liliachwa daraja: Baraza likithibitisha ya kuwa limeshindwa kuwapatanisha, kisha mmoja wao akafanya tendo ambalo katika sheria ya Kiislamu huvunja ndoa, mahakama hutoa hukumu ya talaka. Kwa hiyo kauli ya mume haikunyimwa heshima yake, ila haikutosha tena peke yake.

Neno la nne ni mtoto. Katika mila ya ukoo wa baba, swali la mtoto lilijibiwa kwa kutazama mahari. Sheria mpya ilisema ya kuwa jambo la kwanza la kutazamwa ni faida ya mtoto mwenyewe; kisha matakwa ya wazazi, na ya mtoto akiwa na umri wa kuweza kutoa shauri lake, na desturi za jamii yao. Mtoto aliye chini ya miaka saba ilichukuliwa kuwa afadhali akae na mama yake, isipokuwa kama itaonyeshwa sababu ya kinyume.

Kulikuwa na mengine ambayo hayakuhitaji maneno mengi. Mume hakuwa na haki ya kumpiga mkewe, wala mke mumewe. Mjane alikuwa huru kukaa apendapo, na kuolewa au kutoolewa, wala mila ya kumrithi haikuweza kumlazimisha. Mwislamu alitakiwa tu kumaliza eda yake. Na watu waliokaa pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana kwa jirani zao kuwa ni mume na mke, walichukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe kuwa sivyo.

Jasho la Nani?

Katika mambo yote hayo, lililowashughulisha mahakimu kwa muda mrefu zaidi lilikuwa mali. Sheria ya 1971 ilitambua ya kuwa mke aweza kuwa na mali yake mwenyewe, na kwamba nyumba ya mume na mke haiwezi kuuzwa na mmoja pasipo ridhaa ya mwenziwe. Ndoa ikivunjika, mahakama ilipewa uwezo wa kugawanya mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, ikiangalia mchango wa kila mmoja katika fedha, mali au kazi.

Maneno haya yalionekana kuwa mepesi mpaka yalipofika mahakamani. Kazi ni nini? Mwanamke aliyepika, akafua, akalea watoto, akatunza wagonjwa na kupokea wageni kwa miaka kumi, huku mume akipokea mshahara na kununua nyumba kwa jina lake, je, alichangia katika nyumba hiyo? Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wengine walisema kazi za nyumbani ni wajibu wa mke tu, na wajibu haugeuki kuwa hisa. Wengine walisema mume asingaliweza kutoka kwenda kazini kama hapangalikuwa na mtu wa kuishika nyumba nyuma yake.

Jibu lilitolewa na Mahakama ya Rufani 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenziwe. Wawili hao walioana 1971 na kuachana 1980, na mke aliomba fungu katika nyumba ya Dar es Salaam. Mahakama ilisema ya kuwa kazi za mke za nyumbani ni mchango katika juhudi za pamoja, na zinahesabiwa katika kugawanya mali. Kwa neno hilo jasho la jikoni lilipata bei mbele ya sheria.

Lakini Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu la nyumba. Mahakama iliona ya kuwa mume wake alikuwa amempa fedha za kuanzisha biashara ya nyumbani, naye akazitapanya, na kwa hiyo alikuwa amekwisha kupata haki yake. Hivyo jina lake limebaki katika vitabu vya sheria kama mlango ambao wanawake wengi walipita baada yake, ila yeye alibaki nje. Wanasheria hupenda kuitaja nusu ya kwanza ya hukumu hiyo. Nusu ya pili nayo ni mafundisho: sheria ikikubali kuipima kazi ya mtu, itaipima pia namna alivyoitumia mali aliyopewa.

Neno Lililobaki

Liko jambo moja ambalo Sheria ya 1971 yenyewe iliacha kinyume cha msingi wake. Ilisema ndoa ni ya hiari, kisha ikaweka umri wa mwanamume kuwa miaka 18 na wa mwanamke miaka 15, na mahakama ikapewa uwezo wa kuruhusu ndoa ya aliyetimiza miaka 14 penye sababu maalum. Msichana asiyetimiza miaka 18 alihitaji ridhaa ya baba yake au mlezi wake. Katika ndoa ya msichana wa miaka kumi na mitano, basi, palikuwa na ridhaa mbili, na hapana aliyekuwa na shaka ni ipi iliyokuwa na uzito zaidi. Mwozaji aliyetolewa kwa mlango wa mbele alirudi kwa mlango wa nyuma.

Jambo hilo lilifikishwa Mahakama Kuu na Rebeca Gyumi, nayo Julai 2016 iliamua ya kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba, ikaagiza virekebishwe katika muda wa mwaka mmoja ili miaka 18 iwe ndiyo umri wa wote. Serikali ilikata rufani. Moja katika hoja zake ni kwamba vifungu hivyo viliwekwa kwa kuangalia dini na mila za wananchi. Tarehe 23 Oktoba, 2019 Mahakama ya Rufani iliitupa rufani hiyo.

Hoja ya Serikali haikuwa ya kudharauliwa. Ilikuwa ni sauti ile ile ya 1969, iliyosema ya kuwa sheria isiyowatazama watu watabaki kuivunja. Lakini mahakama zilikuwa zimesoma Sheria ya Ndoa kwa kufuata neno lake la kwanza. Ikiwa ndoa ni muungano wa hiari, hapana budi hiari hiyo iwe ya mtu aliyefika umri wa kuwa na hiari. Vinginevyo binti huyo hataoana na mtu. Ataozwa tu, hata kama jina lake limeandikwa katika cheti na sahihi yake ipo chini.